Kabla ya Kupanda Paa: Maneno kwa Vibarua na Mafundi Juu ya Asbesto

Maneno haya yalisemwa hapa Mashimoni mbele ya vibarua, mafundi na jamaa zao. Tunayachapa ili wale ambao hawakufika wayasome, na wale waliofika wayasome tena.



Tumeitana leo kwa jambo moja, nalo ni vumbi. Sisi watu wa Mashimoni vumbi tunalijua. Wakati wa kiangazi liko kwa chakula, liko kwa matandiko, liko kwa nguo zilizoanikwa. Kwa hivyo mtu akituletea habari ya vumbi tunamcheka, tunasema, "Hilo tumelizoea." Lakini kuna vumbi moja ambalo hakuna kifua kinacholizoea. Ni vumbi la asbesto. Mtu hulivuta akiwa kijana mwenye nguvu, na linamlipa akiwa mzee.

Tunataka kila mtu atoke hapa na mambo mawili. La kwanza, ugonjwa wa asbesto huzuiwa siku ile ya kazi, maana ukishaingia hakuna dawa ya kuuondoa. La pili, kwa sababu ugonjwa huu unachelewa miaka mingi, kibarua asiyeandika kazi aliyofanya atakuja kuugua bila ushahidi. Hayo mengine yote tutakayosema ni ya kueleza hayo mawili.

ASBESTO NI KITU GANI

Asbesto ni mawe yanayochimbwa ardhini. Tofauti yake na mawe mengine ni kwamba yanapasuka kuwa nyuzi, kama katani. Nyuzi hizo haziungui na moto, hazioozi, hazipati kutu, na hapo zamani zilikuwa bei rahisi. Kwa hivyo viwanda vilizipenda sana. Walizichanganya na simiti wakatengeneza mabati ya paa, dari, mifereji ya maji ya mvua, matangi na mabomba. Katika bati la namna hiyo, kama ukiligawa mafungu mia, mafungu kumi hadi kumi na tano hivi ni asbesto, mengine ni simiti. Walizisokota pia kuwa kamba na blanketi za kufunga boila na mabomba ya moto. Injini za treni za moshi duniani kote zilivikwa asbesto ili zisipoteze joto. Breki za magari, klachi na gasketi nazo ziliwekwa asbesto.

Sasa mtu atauliza: hapa kwetu tunaezeka mabati ya chuma, asbesto inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu sisi ndio tunaoitwa kubomoa. Nyumba nyingi za serikali, mashule, hospitali na viwanda vilivyojengwa kabla na baada ya uhuru viliezekwa asbesto. Leo majengo hayo yamezeeka, na mji unataka magorofa. Kila asubuhi watu wetu wanafuata reli kwa miguu kwenda Industrial Area. Wengine wanashika njia ya Ngong Road kwenda Kilimani, na wenzetu wa Kawangware wanaingia Lavington. Wanasimama kwa geti. Nyapara anatoka, anaonyesha kidole: wewe, wewe na wewe, leo tunashusha paa. Hakuna anayeuliza ni paa la nini. Mtu anafikiria unga na kodi ya nyumba.

Sio watu wa mjengo peke yao. Mafundi wa magari wanaosugua breki kuukuu na kupuliza vumbi lake kwa kompresa wamo. Watu wa vyuma vikuukuu wanaovunja boila na jiko za viwanda wamo. Akina mama wanaouza githeri na chapati kando ya nyumba inayobomolewa, na vumbi linawafikia hapo walipokaa, nao wamo.

UTAITAMBUA VIPI

Bati la asbesto, ingawa tunaliita bati, si chuma. Rangi yake ni ya kijivu, na likikaa sana kwa mvua linaota kuvu na kuwa jeusi. Ni nene kuliko bati la kawaida, mawimbi yake ni makubwa, na ni zito. Halina kutu. Sumaku hailishiki. Ukiligonga halilii kama chuma, linatoa sauti butu kama chungu, na likianguka linavunjika kama chungu. Pale lilipovunjika, mara nyingine unaona kama manyoya madogo yametokeza.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Yako mabati ya simiti ya siku hizi ambayo hayana asbesto, nayo yanafanana sana na yale ya zamani. Kwa macho huwezi kujua. Anayejua ni mtu wa maabara baada ya kupima kipande. Kwa hivyo sisi tufuate kanuni moja: paa la simiti likiwa la zamani, tulichukue kuwa ni asbesto mpaka mwenye nyumba atuonyeshe karatasi ya vipimo.

Jambo lingine la kujua ni kwamba bati la asbesto lililo zima, limetulia juu ya nyumba, hatari yake ni ndogo. Yule mama anayelala chini yake asitoke mbio usiku. Hatari inaamka pale bati linapokatwa, linapotobolewa, linapovunjwa kwa nyundo, linapotupwa chini kutoka juu, linapofagiliwa likiwa kavu, au likiwa limezeeka mpaka linamomonyoka lenyewe. Na tusisahau hatari ya papo hapo: paa hilo halibebi mtu. Ukikanyaga katikati linapasuka, unaanguka nalo. Wako watu wengi duniani waliokufa kwa kuanguka kabla hata vumbi halijawafanya kitu.

VUMBI HILI LINAFANYA NINI

Nyuzi za asbesto zikivunjika zinaendelea kugawanyika mpaka zinakuwa nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Haonekani hata mmoja kwa macho, wala haina harufu. Unaivuta na hewa mpaka ndani kabisa ya mapafu. Vumbi la kawaida mwili unalikohoa, unalitema. Nyuzi hizi nyingine zinakwama, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Zinakaa hapo mwaka baada ya mwaka, zikiwasha na kuchoma pale zilipo.

Magonjwa makubwa yanayotoka hapo ni matatu. La kwanza linaitwa asbestosisi. Mapafu yanajaa makovu, yanakuwa magumu, na pumzi inakuwa fupi. Mwanzoni mtu anashindwa kupanda mlima, baadaye anashindwa kutembea mpaka chooni. Hili huwapata zaidi wale waliovuta vumbi jingi kwa muda mrefu. La pili ni kansa ya mapafu. La tatu ni kansa ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu na tumbo, inayoitwa mesotelioma. Hii ya tatu ni kali sana, na inaweza kumpata hata mtu ambaye alivuta kidogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini. Hatusemi kwamba mtu aliyeshusha paa siku moja ni lazima augue. Kadiri unavyovuta zaidi ndivyo hatari inavyoongezeka, na wengi waliovuta kidogo hawakuugua. Lakini hakuna kipimo ambacho wataalamu wamekipata wakasema, "Mpaka hapa ni salama."

Na shida kubwa iko hapa: ugonjwa hauji kesho. Huchukua miaka kumi, ishirini, thelathini, hata arobaini. Kijana wa miaka 20 anayeshusha paa mwaka huu anaweza kuanza kukohoa akiwa na wajukuu. Wakati huo kontrakta amefunga ofisi, nyapara amerudi kwao, na ile nyumba haipo tena.

JAMBO HILI LILIJULIKANA ZAMANI

Msifikiri ni habari mpya. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, alikufa mama mmaja aliyeitwa Nellie Kershaw. Alikuwa na miaka 33, na tangu usichana alifanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari aliyempima aliandika katika jarida la madaktari kwamba mapafu yake yaliharibiwa na asbesto. Waajiri wake walikataa kulipa, wakisema hawakubali kwamba ugonjwa ulitoka kwao. Mwaka 1930 ilitoka ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Uingereza waliowapima wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto, wakakuta robo yao mapafu yameanza kuwa na makovu. Mwaka uliofuata sheria ya kwanza ya vumbi hilo ikatungwa.

Huku kwetu Afrika, mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma. Karibu wote walitoka upande wa Cape ambako asbesto ya buluu ilichimbwa. Na kati yao wako ambao hawakuwahi kuchimba hata siku moja. Waliishi tu karibu na migodi wakiwa watoto.

Sasa hesabuni miaka. Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ilijua, lakini mabati ya asbesto yaliendelea kuezekwa katika Kenya miaka mingi baadaye. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008, na Marekani ilizuia ile aina ya mwisho iliyokuwa bado inaingia huko mwaka 2024. Kujua kulikuwako. Aliyekosa kuambiwa ni mfanyakazi. Ndiyo maana tumeitana, ili kesho mtu wa Mashimoni asiseme hakuambiwa.

MAZIWA, LESO NA SIGARA

Watu wa mjengo wana dawa zao. Ya kwanza ni maziwa. Ati ukinywa pakiti moja jioni, vumbi lote linashuka. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni mkipata. Lakini maziwa yanapita njia ya chakula, yanaenda tumboni. Vumbi limepita njia ya hewa, liko kwa mapafu. Hazikutani hata kidogo. Nyapara akiwapa maziwa badala ya maski, amewapa zawadi, hajawapa kinga.

Ya pili ni leso mdomoni, au ile maski nyembamba ya karatasi. Leso inazuia mchanga. Nyuzi za asbesto zinapita katikati ya uzi wa leso kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Maski inayofaa ni ile yenye kichujio maalum cha vumbi hatari, inayobana uso pande zote. Hata hiyo, mwenye ndevu nyingi haimbani vizuri, hewa inaingia pembeni.

Ya tatu ni sigara ya kutuliza kifua. Hapo ndugu zangu mnajiua mara mbili. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya mafundi waliofanya kazi na asbesto. Mfanyakazi wa asbesto asiyevuta sigara, hatari yake ya kufa kwa kansa ya mapafu ilikuwa kama mara 5 ya mtu wa kawaida asiyevuta. Mvutaji ambaye hakugusa asbesto ilikuwa kama mara 11. Lakini aliyekuwa na yote mawili, hatari yake ilipita mara 50. Kwa hivyo mtu aliyewahi kufanya kazi hii, dawa moja anayoweza kujipa mwenyewe leo ni kuacha sigara.

Na kikohozi je? Hapa kwetu mtu akikohoa wiki nyingi tunasema ni TB, na ni vizuri aende akapimwe TB, kwa maana TB ipo na inatibika. Lakini akipimwa akaonekana hana, au akamaliza dawa na pumzi bado ni fupi, amwambie daktari kazi alizofanya. Asingoje kuulizwa. Aseme hivi: "Daktari, nilibomoa mapaa ya asbesto miaka kadhaa." Maneno hayo machache yanaweza kubadilisha namna daktari anavyoisoma picha ya kifua.

VUMBI HALIBAKI KAZINI

Akina mama, hapa mtusikilize sana. Baba akirudi na ovaroli yenye vumbi, unaipiga ukutani kwanza ili vumbi litoke, halafu unailoweka. Mtoto yuko hapo anacheza. Chumba ni kimoja, hewa ni moja. Huko London mwaka 1965 watafiti waliwafuatia wagonjwa wa mesotelioma, wakakuta wanawake ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao.

Kwa hivyo nguo za kazi hiyo zibaki kazini. Kama mwenye kazi hataki kutoa mahali pa kuoga na kubadilisha, basi angalau mtu avue nje ya nyumba, nguo ziloweshwe maji kabla ya kuguswa, wala zisipigwe wala kukung'utwa zikiwa kavu, na zisichanganywe na nguo za watoto.

Kuna jambo lingine ambalo tunaliona hapa mtaani. Paa likishushwa, vipande vinabebwa. Mwingine anafanya banda la kuku, mwingine anazibia choo, mwingine anatandika mlangoni ili watu wasikanyage matope, mwingine anaweka chini ya jiko kwa sababu haiungui. Tunaelewa, mtu hatupi kitu kizuri. Lakini kipande kinachokanyagwa kila siku kinasagika kila siku, na watoto ndio wanaokaa karibu na ardhi. Ukipewa vipande hivyo bure, ujue kuna mtu ameepuka gharama ya kuvizika.

SHERIA YA KENYA

Sheria iko upande wetu zaidi ya vile wengi wanavyofikiri. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari. Mwaka 2013 Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, ile tunayoiita NEMA, ilitoa mwongozo wa namna ya kuiondoa na kuizika. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa na kuidhinishwa. Bati linaloweshwa maji, linashushwa zima, linafungwa kwa karatasi nzito ya plastiki, linawekwa alama, linabebwa na gari lenye leseni, na linazikwa mahali palipokubaliwa. Halitupwi mtoni wala halimwagwi Dandora usiku.

Halafu kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mwenye kazi analazimika kutoa vifaa vya kujikinga, tena bila kumkata mfanyakazi pesa. Mfanyakazi akiona hatari kubwa anatakiwa kumjulisha msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwenye kazi haruhusiwi kumlazimisha arudi pale. Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo wa 2007. Watu wengi wanafikiri fidia ni ya aliyekatika kidole. Sheria hiyo inatambua na magonjwa yanayotokana na kazi.

Ofisi za kupeleka malalamiko ni Idara ya Usalama na Afya Kazini upande wa mfanyakazi, na NEMA upande wa taka zenyewe. Barua moja yenye majina ya watu kumi ina nguvu kuliko mtu mmoja anayepiga kelele kwa geti.

LAKINI NJAA JE?

Tunajua mnafikiria nini. "Nikikataa, wako wengine kumi wanangoja." Ni kweli. Hatutasimama hapa na kumwambia baba wa watoto wanne akatae kazi kama kwamba kukataa ni rahisi. Ndiyo maana tunasema jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Nyapara anapata wa kupanda paa kwa sababu kila mmoja anakuja peke yake, na kila mmoja anaogopa wa nyuma yake. Kama wale kumi wote wanatoka Mashimoni na Kawangware, na wote wamesikia maneno haya, nyapara atauliza kumi na wote watamjibu swali lile lile: "Paa ni la nini, na vifaa viko wapi?"

Kuuliza si kugoma. Ulizeni kwa heshima, kabla ya kupanda, na kabla ya kukubaliana malipo. Kontrakta mwingine hajui, ataenda kuuliza. Mwingine anajua, na akiona watu wanajua ataogopa kushtakiwa. Mwingine atawafukuza. Huyo jina lake lijulikane mtaani.

Na yule ambaye tayari yuko ndani ya kazi, hawezi kutoka leo, ashike haya. Asikate kwa grainda wala msumeno wa mashine. Asivunje kwa nyundo. Alowanishe bati kwa maji, na maji yakitiwa sabuni kidogo yanashika vizuri zaidi. Akate bolti, bati litoke zima, na lishushwe kwa mikono. Asikanyage bati lenyewe, akanyage ubao uliolazwa juu ya mbao za paa. Asifagie kavu. Asile wala kuvuta sigara hapo kwa vumbi. Anawe uso na mikono kabla ya chakula. Fundi wa breki naye asipulize kwa kompresa, afute kwa kitambaa chenye maji. Haya hayaifanyi kazi kuwa salama. Yanapunguza tu kile kinachoingia kifuani, mpaka kazi ifanywe na wenye vifaa.

KITABU CHA KAZI

Sasa tumefika kwa lile jambo la pili, ambalo tunaona ndilo watu hulisahau. Mtu aliyeandikwa kiwandani ana barua, ana hati ya malipo, jina lake liko ofisini. Kibarua hana chochote. Analipwa jioni mkononi, na kesho yuko mahali pengine. Katika miaka kumi anaweza kufanya kazi mahali mia. Ugonjwa ukija baada ya miaka thelathini, daktari atauliza, "Ulifanya wapi?" Wakili atauliza, "Nani alikuajiri?" Mzee atajibu, "Ilikuwa nyumba fulani kule juu, ya Mhindi fulani." Hapo kesi imekwisha kabla haijaanza.

Watu wamewahi kushinda hata wakiwa maskini. Kampuni ya Uingereza iitwayo Cape ilichimba asbesto Afrika Kusini kwa miaka mingi, na huko wanawake na hata watoto walivunja mawe kwa nyundo ili kutenganisha nyuzi. Wagonjwa walipoishtaki, kampuni ilitaka kesi isisikilizwe Uingereza. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema isikilizwe huko huko. Mwaka 2003 kampuni ikakubali kulipa, na waliokuwa wamedai walikuwa zaidi ya 7,000. Walifika huko kwa kuwa wengi, kwa vyeti vya madaktari, na kwa kuweza kueleza walifanya kazi wapi na lini.

Hata hapa Kenya tuna mfano, ingawa si wa asbesto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya madini ya risasi juu ya wafanyakazi na majirani. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo, na mtoto wake akapatikana na sumu hiyo mwilini. Watu wakapimwa, wakaandika majina, wakaenda kortini. Mwaka 2020 korti ya mazingira huko Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani ikaipindua, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurudisha ushindi wao. Owino Uhuru ni mtaa kama huu wetu. Hawakuwa na pesa. Walikuwa na vipimo, na majina, na uvumilivu.

Kwa hivyo tunaomba kila mtu wa kazi ya mkono anunue daftari ndogo, ile ya watoto wa shule. Kila kazi mpya aandike: tarehe aliyoanza na aliyomaliza, mahali penyewe na jina la barabara, jina la kontrakta na la nyapara, kazi aliyofanya, kama kulikuwa na asbesto au vumbi lingine, vifaa alivyopewa, na majina ya wenzake wawili waliokuwa naye. Kama kuna ubao wa kontrakta kwa geti, anakili yaliyoandikwa. Mwenye simu apige picha ya ubao na ya paa. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake amwandikie jioni, ni dakika tano tu. Daftari ikijaa isitumiwe kuwashia jiko. Iwekwe pamoja na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Wake kwa waume, daftari hii ni ya nyumba nzima. Mara nyingi anayekuja kuihitaji ni mjane.

Kabla ya kutawanyika tumekubaliana mambo matatu. Moja, hakuna mtu wetu atakayepanda paa la simiti la zamani bila kuuliza. Mbili, tutapita mtaani kuonyeshana vipande vilivyoletwa nyumbani. Visivunjwe wala kuchomwa. Viloweshwe, vifunikwe kwa plastiki, viwekwe mahali watoto hawafiki, na tutaandika barua moja kwa NEMA wakatuonyeshe vya kwenda kuzikwa. Tatu, mkutano ujao kila mtu aje na daftari yake ikiwa na ukurasa wa kwanza umeandikwa. Wazee waanze na kazi za zamani wanazokumbuka, hata kama ni za miaka ishirini iliyopita, maana wao ndio wako karibu zaidi na wakati wa kuzihitaji.

Mwenye swali asimame aulize.